Mstari wa Nne Kwenye Orodha ya Mali

Duka langu la stesheneri liko hatua chache kutoka mahakamani, hapa Morogoro mjini. Natoa kopi, nachapa barua, nauza bahasha na kalamu, na wiki za mitihani nachapa maswali ya shule mpaka mashine inatoa harufu ya kuungua. Lakini wateja wangu wakubwa ni watu wa mirathi. Nawajua kabla hawajafungua mdomo. Huja wawili au watatu, mmoja ameshika bahasha, na wengine hawaiondolei macho hiyo bahasha.

Kwa miaka mingi ya kuwachapia nimeijua njia yao yote. Kwanza cheti cha kifo. Kisha muhtasari wa kikao cha ukoo, unaosema nani amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi na marehemu aliacha mali gani. Kisha fomu ya maombi, kisha mahakama inabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku za tangazo zikiisha hakimu anateua. Kichwa kilinivimba. Nikawa nawaelekeza watu kabla karani wa mahakama hajawaelekeza, na mara nyingine namsahihisha karani mwenyewe, ambaye kwa bahati nzuri ni mpole. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye upuuzi wangu mtu asinionee huruma.

Mjomba wangu, kaka pekee wa mama, alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi Ngerengere mpaka akastaafu, akajenga nyumba mjini, akanunua na kiwanja Kihonda, na kila alipopata nafasi alipanda Kinole kulima. Kinole ndiko kwetu, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye mteremko ambao mgeni akiuona huuliza watu wanasimamaje wakati wa kupalilia.

Mama yangu anaishi huko, ndani ya shamba lilelile alilokuwa akilima mjomba. Alirudi baada ya baba yangu kufariki, kwa sababu kwa Waluguru mwanamke siku zote ana pa kurudi. Ardhi inafuata upande wa mama, na watu waliotoka kwa bibi mmoja upande huo ndio lukolo, ndio ukoo wako. Mama ana nyumba ya vyumba viwili, migomba, mikarafuu, na pilipili manga zilizopanda juu ya miti. Chini kidogo kuna makaburi: mama yake, bibi yake, na sasa mjomba. Mama ameshachagua mahali pake kando ya mama yake. Alipanda mti wa asumini pale ili tusije tukasingizia kusahau.

Baada ya arobaini alikuja dukani mtoto mkubwa wa mjomba. Yeye ana biashara ya nyanya na vitunguu Dumila, kando ya barabara kuu ya Dodoma, na ana mdomo wa kumuuzia dereva gunia ambalo hakulikusudia. Kwa kuwa ni mtoto wa mjomba wangu, tumetaniana tangu utotoni. Mimi humwita nyanya mbovu, yeye huniita hakimu wa kopi. Siku hiyo alikuwa na bahasha. Ndani mlikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa kwa mkono, naye akaomba nimchapie haraka kwa sababu lori lilikuwa linamsubiri.

Ilikuwa wiki ya mitihani. Nilichapa huku nikijibu simu ya mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa anataka karatasi zake. Nilichapa majina ya waliohudhuria, watu saba. Nilichapa kwamba wote kwa pamoja walimpendekeza binamu yangu. Nilichapa orodha ya mali: moja, nyumba ya mjini; mbili, kiwanja cha Kihonda; tatu, pikipiki; nne, shamba la Kinole. Nikamuuliza swali moja tu, kama anataka nakala tatu au nne.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia simu. Hakunisalimu, na mama yangu ni mtu ambaye akikupigia huanza kwa kuuliza hata hali ya paka. Akasema, "Mwenyekiti wa kitongoji kaja na karatasi ya kugonga muhuri. Inasema hapa ninapolala ni mali ya kaka yangu, na warithi ni watoto wake. Mwanangu, mimi nife nikiwa mpangaji?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kuna makosa ya kuandika tu. Kisha nikafungua kompyuta na kulitafuta faili. Nikasoma mstari wa nne, nikaona ni mkono wangu mwenyewe uliouandika. Nikashika kichwa.

Nikasoma na majina ya waliohudhuria, safari hii polepole. Wote saba walikuwa watu wa upande wa mke wa mjomba: kaka zake, dada yake, na watoto wa dada yake. Hapakuwa na hata mmoja wa upande wa marehemu. Mama yangu hakuwepo, nami sikuwepo. Mtu wa kabila jingine atasema hapo ndipo njama ilipo. Lakini binamu yangu ni Mluguru. Mahakama ilimwambia alete muhtasari wa kikao cha ukoo, naye akaita ukoo wake, yaani wajomba zake, ndugu za mama yake, kama alivyofundishwa tangu mtoto kwamba jambo zito halikai bila mjomba. Marehemu hakuwa wa ukoo ule. Marehemu alikuwa wa ukoo wetu. Ndugu wa mjane walikaa wakagawa ardhi ya watu wengine, kwa nia njema, na chai ikanywewa. Nami niliona neno mjomba limejirudia mara tatu kwenye karatasi nikaona ni sawa kabisa, kwa sababu hata kwetu kikao bila wajomba si kikao.

Hofu ya mama haikuwa ya bure. Mdogo wake binamu yangu, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa ameshapanda Kinole na mtu aliyetaka eneo lenye mandhari ajenge nyumba za wageni. Walisimama karibu na asumini ya mama wakipiga picha bonde.

Basi nikavaa uwakili wangu. Nikajiambia, hili ni jambo la shamba, na mambo ya mashamba yana mahali pake. Nikakimbilia baraza la ardhi. Sikumuuliza mtu. Nilianzia kwenye kata, nikaandika malalamiko, nikaambiwa nisubiri wajumbe watimie. Nikasubiri. Nikafuata barua ya kijiji, mtendaji akawa safarini, nikasubiri tena. Karibu wiki tatu zilikwenda hivyo, nami najiona mchapakazi. Nilipofika kwenye baraza la wilaya na faili langu limenona, ofisa mmoja mwenye sauti ya chini alilisoma lote, tofauti na nilivyotarajia. Akaniuliza namshitaki nani. Nikamtaja binamu yangu. Akaniuliza kama binamu yangu ameshateuliwa kuwa msimamizi. Nikasema bado, maombi ndiyo yako mahakamani, tangazo limebandikwa.

"Basi hapa huna wa kumshitaki," akasema. "Marehemu hashitakiwi, na huyu bado si msimamizi. Shamba limetajwa kwenye shauri la mirathi ambalo liko wazi. Nenda ukaweke pingamizi hukohuko, kabla siku za tangazo hazijaisha. Mama, umepoteza siku ngapi?"

Nilitembea hadi mahakamani, ambako ni mlangoni kwangu, ambako ningeweza kwenda kwa kandambili tangu siku ya kwanza. Tangazo lilikuwa ubaoni, kona imekunjika. Nilihesabu kwa vidole. Zilibaki siku nne.

Karani yule mpole ndiye aliyenieleza, wala hakunikumbusha nilivyokuwa nikimsahihisha. Alisema kabla ya uteuzi njia ni pingamizi, na uteuzi ukishapita njia ni kuomba utenguliwe, ambayo ni ndefu zaidi na huwakuta watu wakiwa wameshauza vitu. Alisema pia kwamba mahakama ya mwanzo ndiyo mahali pake, maana mjomba alikuwa Mwislamu wa hapahapa na mali yake ni hii inayojulikana. Nisihangaike kutafuta mahakama kubwa. Nilimshukuru, na nilitoka nikiwa na aibu ya kweli.

Lakini aibu haikuchukua muda kugeuka hasira. Jioni hiyohiyo niliandika pingamizi la kurasa tano. Niliandika kwamba mwombaji ameidanganya mahakama. Niliandika kughushi, hila, tamaa, na maneno mengine ambayo nilikuwa nimeyachapa kwenye nyaraka za watu na kuyapenda. Niliomba maombi yake yatupwe yote, muhtasari wake ufutwe, na mimi niteuliwe badala yake. Nilipoisoma nilijisikia vizuri sana.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Kinole, kwa sababu mpinzani alikuwa mama, si mimi, na dole gumba lilipaswa kuwa lake. Nilimkuta anaanika karafuu kwenye mkeka. Akaniambia nisome, yeye anasikiliza huku anageuza. Nilisoma kurasa zote tano, na mahali pazuri nikapaza sauti kidogo.

Nilipomaliza aliendelea kugeuza karafuu. Kisha akauliza, "Umesema mtoto wa kaka yangu ni mwongo?"

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyokuwa. Ukimpinga mtu mahakamani lazima uoneshe ubaya wake.

"Kaambiwa aite ukoo, kaita wajomba zake. Wewe ungemwita nani?"

Ningewaita wajomba zangu, kama ningekuwa nao.

"Nyumba ya mjini sina haja nayo," akasema. "Alijenga kaka yangu kwa jasho lake, wakae watoto wake. Kiwanja sina haja nacho. Asimamie mali ya baba yake. Mimi nataka huo mstari mmoja utoke. Andika hivyo."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimwambia yeye hajui mahakama, kwamba ukienda na neno dogo unaonekana huna neno, kwamba mdogo wake binamu ameshaleta mnunuzi hadi kwenye makaburi. Nilimwambia mengi. Mama ni mtu mkali kuliko mimi ila ukali wake hauna sauti. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na ndizi za kuchemsha kwenye sahani, akaniwekea mbele, akaendelea na karafuu zake. Nilikula. Nikiwa nakula ndipo nikaona ninachokifanya. Nilikuwa nataka binamu yangu aonekane mwongo mbele ya hakimu ili isionekane kwamba karatasi ile niliichapa mimi.

Tuliandika upya palepale, kwa kalamu, kwenye karatasi safi niliyokuwa nayo mkobani. Ilitoka nusu ukurasa. Ilisema mpinzani ni dada wa marehemu. Hapingi mwombaji kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake. Anapinga shamba la Kinole kuwekwa kwenye orodha, kwa kuwa ni ardhi ya ukoo wa mama yao marehemu, ambayo marehemu aliilima bila kuimiliki. Anaomba ndugu wa upande wa marehemu waitwe wasikilizwe, kwa sababu kwenye kikao hawakuwepo. Mama aliweka dole gumba, akafuta wino kwa jani la mgomba. Nikaipeleka kuisajili ikiwa imebaki siku moja.

Siku ya shauri tulikutana na binamu yangu nje ya mlango. Alikuja na mjomba wake mmoja. Alimwamkia mama, "Shikamoo, shangazi," na mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Mimi na yeye hatukutaniana. Ndani benchi lilikuwa moja tu, kwa hiyo tulikaa wote juu yake, mama katikati.

Hakimu alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye kuandika kila kitu kwa mkono na kusubiri mpaka amalize. Alisoma pingamizi, akaliweka chini. Sijui angefanya nini na kurasa zangu tano. Nadhani tungebishana mwaka mzima kuhusu nani mwongo. Sasa hapakuwa na tusi la mtu kulijibu, na hakimu akaenda moja kwa moja kwenye shamba. Alimwambia binamu yangu asimame.

"Marehemu alizikwa wapi?"

"Kinole, Mheshimiwa. Kwenye hilo shamba."

"Kando yake amezikwa nani?"

"Mama yake. Na bibi yake."

Hakimu akaandika. Kalamu ilichukua muda. Kisha akauliza, "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Mheshimiwa."

"Mungu ampe umri. Siku yake ikifika, atazikwa wapi?"

Binamu yangu alimtazama yule mjomba wake, na mjomba wake akatazama sakafu. Hakuna Mluguru asiyejua jibu la swali lile.

"Kwao," akasema. "Kwa ukoo wake. Matombo." Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Mheshimiwa, nilikua naona baba analima pale. Sikuwahi kuuliza analima kwa nani."

Mama alishika kona ya koti la binamu yangu, akalinyoosha mahali lilipokunjika, akaliachia.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine, baada ya hakimu kumsikiliza mama na mzee mmoja wa upande wetu. Binamu yangu aliteuliwa kuwa msimamizi. Shamba la Kinole liliondolewa kwenye mali za marehemu, kwa kuwa mwombaji mwenyewe alikiri kwamba lina wenyewe. Hakimu alisema kama kuna mtu atakayekuja kudai umiliki wake, hapo ndipo njia ya baraza la ardhi itakapokuwa wazi. Aliposema hivyo nilijitia kutafuta kitu kwenye mkoba.

Nje, mama alimwambia binamu yangu kwamba mikarafuu aliyoipanda baba yake ni jasho la baba yake, aje achume msimu ukifika, ila apite kwake kwanza. Akaitikia ndiyo shangazi. Yule mnunuzi wa nyumba za wageni hakuonekana tena. Mama alipanda Kinole siku hiyohiyo, akasema karafuu hazimsubiri mtu.

Miezi ilipita. Binamu yangu akaja tena dukani na bahasha, sasa ni orodha rasmi ya mali ambayo msimamizi hutakiwa kuirudisha mahakamani. Nilivuta kiti, nikamwambia akae. Kila jina niliuliza ni nani kwa marehemu kabla ya kulichapa, na kila mali nikauliza ilipatikanaje. Alisema nimekuwa mzito kuliko mahakama yenyewe. Nikamwambia anyamaze, nyanya mbovu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu msiba, tukacheka.

Kisha, akiwa bado anacheka, akasema, "Hakimu wa kopi, hebu niambie. Shangazi ana binti mmoja tu, wewe. Wewe una watoto watatu, wote vidume. Haya, wanao watalima pale, ni wa ukoo. Na watoto wa wanao? Nao watakuja mahakamani na bahasha?"

Nilicheka, maana ni mtani wangu na alikuwa na haki ya kusema. Nikamrudishia neno, silikumbuki. Nikamalizia kuchapa. Mistari ilikuwa mitatu. Niliisoma mara mbili, nikagonga pini, nikampa.

Alipoondoka nilikaa bila kuwasha mashine. Nilikuwa nimeshinda kwa desturi ambayo itapita mlangoni kwangu bila kuingia. Mke wa mwanangu mkubwa ni mtu wa Kilimanjaro, wa pili ameoa Dodoma, na wa mwisho anajua mwenyewe. Watoto wao hawatakuwa wa lukolo yetu. Shamba litakwenda kwa wajukuu wa dada wa bibi yangu, watu wema ambao nusu yao siwajui kwa sura, na hiyo ndiyo haki ileile niliyokwenda kuidai.

Nina mjukuu wa kike, mtoto wa mwanangu mkubwa. Kila Idi tunapopanda Kinole hukimbia mbele yetu kwenye mteremko, anafika wa kwanza, anasimama karibu na asumini ya mama na kutupungia mkono tukiwa bado chini tunahema. Anatuita kwa sauti tuharakishe, tumefika shambani kwetu. Mama, ambaye huwa ameshuka kutupokea, huniangalia, nami namwangalia. Mpaka leo hakuna aliyemsahihisha.